Nati ya Shaba Chini ya Kiti

3 Mei

Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje? Umekula? Hapa yadini kazi ni ile ile, kuosha magari ya zamani ya Kijapani, kuyapiga picha na kuyatangaza. Nimekutumia picha za pikapu tatu uchague moja ya kwenda kumtafutia kaka. Tangu aondoke na ile yetu nyeupe kupeleka mzigo hajarudi, nami sina usingizi. Hiyo ya bluu ndiyo ngumu, bosi ameileta juzi tu.

Mziwanda wako

4 Mei

Marahaba mama. Mgongo ni ule ule, uzee haukimbiwi. Salamu zako ndefu kuliko habari yenyewe, lakini usiziache.

Hiyo ya bluu nimeitazama mpaka macho yakauma. Mlango wa kushoto umelegea kidogo kwenye bawaba. Ni ile yetu, mlango huo niliuchomelea mimi. Rangi wamebadilisha, lakini mkono wangu naujua. Unajua desturi yangu, kila gari ninalomaliza naliwekea nati moja ya shaba chini ya kiti cha dereva. Kaangalie. Usimwambie mtu.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo baba. Umeamkaje? Umekunywa dawa?

Nati ipo, nimeigusa. Viti vimevikwa ngozi mpya. Kapeti limeng'olewa lote, limebaki bati tupu linalonuka dawa ya kuoshea. Baba, kaka yuko wapi? Na huku nawachekea wateja. Kesho bosi akitoka nitakwenda polisi. Wewe tulia, usifanye lolote.

Mziwanda wako

7 Mei

Marahaba mama. Sikuweza kutulia. Nimepiga simu yadini, nikajifanya mnunuzi. Bosi wako akaniapia kwamba milango ya ile ya bluu yote ni ya kiwandani. Ufundi ukanipanda kichwani, nikamwambia wa kushoto umechomelewa, akatazame bawaba. Nikamsikia akiufungua. Kisha akauliza taratibu, "Mzee, wewe umejuaje?" Nikakata simu.

Mdomo umeniponza. Ondoka hapo sasa hivi, nguo ziache.

Baba yako

7 Mei, jioni

Shikamoo baba. Natumaini umeketi.

Ujumbe wako nimeuona nimechelewa. Bosi alituita wote akauliza nani ana baba fundi. Mwenzangu wa kuosha magari akanitaja, tena kwa kunisifia. Geti limefungwa. Bosi anasema nimsindikize kupeleka pikapu kwa mteja. Amenifungulia mlango wa kushoto. Naogopa, baba.

Mziwanda wako

7 Mei, jioni

Usipande! Jiangushe, piga kelele, jifanye umezimia. Niko njiani na polisi. Mama, nijibu.

Baba

8 Mei

Yadi tumeikuta tupu. Nijibu hata neno moja.

Baba

9 Mei

Habari mzee. Niko salama, nimepata kazi mji mwingine. Ile pikapu imeuzwa. Usinitafute, na polisi waambie yameisha.

Binti yako

9 Mei

Wewe uliyeshika simu hiyo,

Mwanangu hajawahi kuniandikia bila kuniamkia, hata siku alipokuwa hoi kwa homa. Gari chukua. Nati ing'oe uitupe, na habari ya mlango sitaitaja tena kwa mtu yeyote. Nirudishie mtoto. Kaka yake naye, kama kuna mahali umemlaza, nionyeshe tu nikamfukie vizuri. Nimebaki na huyo mmoja.

Mimi ni mzee wa mvi, na wewe huenda ni rika la wanangu. Nakupigia magoti.

Shikamoo.

Baba yake