Nyekundu Iliyozidi

Jumanne, mwezi wa saba.

Jua halijatoka leo. Ni manyunyu tangu asubuhi, yale ya msimu wa baridi ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Nimekaa kwenye kibanda changu hapa Hurlingham, cherehani iko mbele yangu na sijaikanyaga. Mteja mmoja amekuja kuchukua suruali. Ameniangalia uso, amechukua suruali yake, ameenda bila hata kuijaribu.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Kwa kawaida mjukuu wangu Naliaka ndiye anayeninyooshea herufi kabla hatujaweka maneno hapa, maana mimi shule niliiachia darasa la tatu na sikuona hasara. Hata hii blogu ni yeye aliyenifungulia, akasema watu wakisoma sifa zangu watakuja wengi. Leo haniongeleshi. Kwa hivyo mkiona neno limekaa upande, lisomeni hivyo hivyo.

Nimemharibia mtoto.

Mnaonifuata mnanijua. Mimi Simiyu ndiye fundi. Kutoka hapa mpaka Kileleshwa hakuna mtu anayekata kola kama mimi. Nimeshonea waheshimiwa, nimeshonea maharusi, nimemshonea askofu kanzu mpaka akaniombea mbele ya watu. Vijana huja kujifunza kwangu na hukimbia, kwa sababu nikiona mshono umepinda napasua mwenyewe akiangalia. Sijawahi kurudishiwa nguo kwa kosa la vipimo. Aliye na nguo ya kurudisha na ailete.

Sasa sikilizeni sifa hizo zimenipeleka wapi.

Wiki chache zilizopita Naliaka alikuja hapa kibandani akiwa bado na yunifomu. Yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa upande wa Parklands. Akaniambia, "Kuka, nishonee bendera ya Kenya." Kuka ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu. Nikafurahi. Nikasema nitakushonea bendera ambayo hata Ikulu hawana.

Akasema, "Lakini nyekundu iwe pana. Nyeusi na kijani zipunguze."

Nikamwambia hiyo haitakuwa bendera ya Kenya. Akasema, "Ni hiyo tu, Kuka." Kisha akainama chini ya meza yangu, akavuta jora la kitambaa chekundu lililokuwa huko nyuma kabisa, akaliweka mbele yangu. "Na utumie hiki."

Sikumuuliza ni ya nini. Nilikata, nikashona. Zile kingo nyeupe nilizipitisha kama zimechorwa. Ngao na mikuki niliiweka pande zote mbili, na hata uichunguze vipi huoni uzi ulipoingia wala ulipotokea. Siku niliyompa aliikunja vizuri, akaishika kifuani muda mrefu, akasema asante.

Jana asubuhi walikuwa na paredi. Wanafunzi wamesimama kwa mistari, bendera inapandishwa mlingotini, wimbo wa taifa unaanza. Naliaka hakuwa kwenye mstari. Alikuwa ghorofani, kwenye veranda ya madarasa, na alitoa bendera yangu ndani ya sweta akaikunjulia ukutani. Hakupiga kelele. Wanafunzi wakaanza kugeuka, mmoja hapa, watatu pale, mpaka nusu ya shule ikawa imeipa mgongo ile ya mlingotini na inaangalia yake. Wimbo wakauimba mpaka mwisho hivyo hivyo, wamegeuka.

Nilipigiwa simu, nikaenda na koti langu zuri. Mwalimu mkuu ni mama mtulivu. Bendera ilikuwa juu ya meza yake. Naliaka alikuwa amekaa hapo hapo mezani, macho chini, nami nikakaa kiti cha kando yake.

"Mzee wangu," mama akaniambia, "mimi pia ni mzazi na najua nchi hii imepitia nini. Lakini nikiruhusu hii leo, kesho mwingine ataleta ya chama cha babake. Kesho kutwa mwingine ataleta ya nchi inayopigana vita. Watapigana darasani. Nitamwambia nani ndiyo, na nani hapana?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye. Shule ni ya vitabu.

Akaendelea. "Amesema aliinunua kwa hawa vijana wanaouza bendera kwenye taa za barabarani. Mimi nimeamini, maana hebu iangalie. Hata vipimo hawajui. Nyekundu imemeza kila kitu. Hii imeshonwa ovyo tu. Kwa hivyo tuseme ni utoto. Atafagia uwanja wiki hii, bendera itabaki hapa, tumemaliza."

Naliaka akainua macho akaniangalia. Kwa chini ya meza akanikanyaga kiatu.

Hapo mtu mwenye akili angesema asante, madam. Angeamka, angechukua kofia yake.

Mimi nikasema, "Ovyo?"

Naliaka akanikanyaga tena. Nilikuwa nimeshaishika ile bendera.

"Madam, shika hapa. Pindua. Unaona uzi? Huoni. Sasa tafuta kwenye ngao. Huoni. Hakuna mtoto wa kwenye taa anayeweza kushona hivi. Na hiyo nyekundu haikuzidi kwa bahati mbaya. Niliambiwa iwe pana, nikaikata pana. Hizi ni kazi za mikono yangu."

Yule mama akavua miwani polepole. "Uliambiwa na nani, mzee?"

Sote wawili tulimgeukia Naliaka.

Basi si utoto tena. Sasa ni jambo lililopangwa, na nyumbani walijua, na mwalimu amedanganywa ofisini mwake. Kesi imetoka mikononi mwake imeenda kwa bodi. Bodi inakaa Ijumaa. Mpaka hapo Naliaka yuko nyumbani, na wanaweza kumwambia asirudi kabisa. Kidato cha tatu, mtoto anayeongoza darasa kwa hesabu. Sifa hiyo si yangu, ni yake.

Mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka getini. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, bodi wakisikia kwamba ulikosea kukata, kwamba macho yamechoka, na kwamba pale ofisini ulikuwa unaficha aibu ya kazi yako, mimi sitabisha. Lakini ni wewe uyaseme."

Tulirudi kwa miguu. Naliaka alitembea mbele yangu njia yote. Aligeuka mara moja tu, akasema, "Ungenyamaza tu, Kuka." Leo asubuhi chai nimeikuta kwenye kikombe changu, imefunikwa na sahani, lakini aliyeipika alikuwa amejifungia chumbani.

Mama Zuhura anayeuza vitambaa kibanda cha pili, mtu wa Lamu, anajua yote kwa sababu jana nilirudi hapa nikiongea peke yangu. Leo ameniletea mahamri akasimama mlangoni.

"Simiyu," amesema, "wewe siku ya kufa kwako utainuka kwanza uwaonyeshe watu sanduku lilivyopigwa misumari."

Nikapangusa cherehani.

"Sema umekosea, mtoto arudi shuleni. Sifa haziliwi, mwenzangu."

"Sikukosea."

"Najua hukukosea. Nani asiyejua? Wewe sema umekosea."

Amekwenda zake. Mahamri bado yako hapa, yamepoa.

Nimekaa nalo hilo jora la kitambaa chekundu miguuni. Limebaki kidogo. Sasa niseme kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye blogu hii, wala nyumbani.

Naliaka alikuwa na kaka. Jina lake mimi silitaji. Nyumbani kwangu nilikataza litajwe tangu tulipotoka kumzika Bungoma, nikasema kulia kumekwisha, watu wafanye kazi. Siku ile vijana walipoingia mjini kwa maandamano, alipita hapa kibandani asubuhi. Alikuwa amejifunga bendera mabegani, moja ya hizo za kwenye taa. Sikumwambia usiende. Sikumwambia jiangalie. Nilishika pindo la ile bendera nikacheka, nikamwambia imeshonwa ovyo, mvua ikinyesha rangi itatoka yote. Naye akacheka, akasema, "Basi Kuka utanishonea yako." Akaenda.

Hakurudi na miguu yake.

Magari ya kumpeleka nyumbani yalihitaji vitambaa vyekundu vya kufunga kwenye vioo, kama magari yote ya msiba yanayoelekea magharibi. Nani mwingine angevikata? Nilinunua hilo jora, nikakata mimi mwenyewe, nikapiga pindo kila kimoja ingawa vitambaa vya msiba havipigwi pindo. Kilichobaki nilikisukuma chini ya meza. Wateja wakitaka bitana nyekundu nawaambia imeisha.

Hicho ndicho kitambaa Naliaka alichokivuta.

Kwa hivyo nikisema sikujua bendera ile ilikuwa ya nini, ni uongo. Nilijua pale pale alipoinama. Nilijua nikipima, nilijua nikikata. Sikuuliza kwa sababu ningeuliza ningejibiwa, na mimi sikutaka kujibiwa.

Mtaniuliza kwenye maoni hapa chini kama wanafunzi waruhusiwe na bendera zao shuleni. Mimi ni mbishi na sibadilishi neno: hapana. Yule mama hana kosa, hawezi kulinda watoto wa watu wote katikati ya bendera za watu wote. Lakini naomba mnisaidie hapa. Mtoto amefiwa na kaka. Nyumbani babu amemkataza kulia, amemkataza jina. Barabarani tunamkataza kabisa, tumeona kunavyokuwa. Shuleni haruhusiwi. Huzuni yake angeiweka wapi?

Mimi ndiye niliyefunga mlango wa kwanza.

Haya nitayaachilia hapa bodi ikishakaa. Ijumaa nitavaa koti lile lile. Nitasimama mbele ya watu waliosoma, niseme mimi Simiyu nilikata vibaya. Kwamba macho yamekwisha, tepu niliisoma upande, mtoto aliomba bendera ya kawaida tu na mzee akaiharibu. Watanihurumia. Hilo ndilo litakalouma kuliko yote. Habari itafika hapa Hurlingham kabla yangu, na wale vijana niliowapasulia mishono watacheka mpaka wachoke.

Nimeyajaribu maneno hayo sasa hivi, peke yangu hapa na mvua. "Nilikosea kupima." Mara ya kwanza niliishia nusu. Mara ya pili yakatoka.

Kisha nitarudi nyumbani nimwambie Naliaka anieleze habari za kaka yake, kwa jina, nami nitakaa nimsikilize. Hilo la pili naliogopa kuliko bodi.

Wafula, mjukuu wangu, Ijumaa usinisikilize. Nyekundu ile niliipima sawasawa.