Panki Si Bangi, Kaka Ombati

Manga,
S.L.P. Kebirigo,
Nyamira.
3 Oktoba 1977

Mpendwa Kaka Ombati,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko London? Kile kikohozi ulichokitaja kimepona? Sisi ni wazima, isipokuwa goti la Nyanya, ambalo humsumbua mvua inapokaribia, na mwaka huu mvua haiachi kukaribia. Chai ni nyingi hata vidole vyetu vimekuwa vyeusi.

Barua yako na picha vilifika salama. Lakini tangu vifike silali vizuri, na nitakueleza kwa nini.

Niliisoma barua mbele ya wote, nikiigeuza kuwa Kikisii mstari baada ya mstari, kwa kuwa wewe, mtoto wa baba mkubwa uliyelelewa Nakuru, huandika Kiswahili tu. Picha ikapita mkono kwa mkono. Nyanya alisema nywele zako zimesimama kama majani ya nanasi. Mama akalitazama koti lako lililochanika na kushikizwa kwa pini za nepi, akauliza, “Kwani huko hawauzi uzi?” Tulicheka. Baba hakucheka.

Neno “panki” nililiacha lilivyo, maana sikujua kuligeuza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Unajua midomo ya Nyanya haina p. Hata pilipili kwake ni bilibili. Siku ya soko alikwenda Kebirigo kuuza ndizi, akamwambia kila mtu kwamba mjukuu wake amejiunga na vijana wa “banki”. Nusu ya soko wakampongeza, wakidhani umeajiriwa benki. Nusu nyingine wakasikia bangi.

Habari iliyofika kanisani ni ya hiyo nusu ya pili. Sabato iliyopita Mzee Onchiri alimsimamisha Baba mlangoni, watu wakipita. “Ndugu yangu, ni kweli kijana wenu anavuta bangi na Wazungu?” Baba alirudi nyumbani. Baada ya chakula akaniita. “Mmoja ametosha. Wewe, Bonareri, ukimaliza kidato cha nne utakaa hapa, nikikuona.”

Kaka, unajua jinsi ninavyokitamani kidato cha tano. Mwalimu mkuu amenipendekeza kwa shule moja karibu na Nairobi, na anataka jibu la Baba kabla hatujafunga shule mwezi ujao. Kila asubuhi gwarideni ananitazama, nami natazama viatu vyangu.

Nilijaribu kumweleza Baba yale uliyoniandikia. Nilimwambia kwamba panki si moshi, ni muziki, tena ni namna ya kufikiri. Kwamba muziki huo ulianza kwa vijana wa New York na wa huko London, wengi wao bila kazi, waliochoka kusikiliza wanamuziki matajiri wenye nyimbo ndefu zisizowahusu. Kwamba hawangoji ruhusa wala mafunzo: anayejua kupiga gitaa kidogo tu hupanda jukwaani, na wasioandikwa magazetini hujiandikia gazeti lao. Na nguo wanazichana ili kilichochanika kionekane, kisifichwe. Baba akauliza, “Na mtu mwenye akili huchana koti zima?”

Mimi pia nina swali langu. Uliandika kwamba baadhi yao husema mbele hakuna cha kutumainia. Mstari huo niliuruka, sikuwasomea. Je, nawe unasema hivyo? Niambie ukweli, maana mimi natumaini sana siku hizi, na naogopa kutumaini peke yangu.

Jana tukichuma chai Mama alinisimulia jambo. Zamani wamisheni waliwaambia watu wa hapa wamsubiri mwalimu wa muziki ndipo waanzishe kwaya. Baba hakusubiri. Hakujua noti hata moja. Alikusanya wenzake wakaimba walivyojua, na walichekwa hadi Ekerenyo. Ndiyo kwaya inayoimba kanisani mpaka leo. Nilisimama na majani mkononi hadi Mama akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Lakini binti hawezi kumwambia baba yake kwamba naye alikuwa panki.

Wewe unaweza. Mwandikie baba yako mdogo mwenyewe, usipitie kwangu, tena mwandikie kwa Kikisii. Najua Kikisii chako hutuvunja mbavu. Usingoje kukijua. Mwambie huvuti kitu, kisha umuulize habari za kwaya. Akiona umehangaika na lugha yetu kwa ajili yake, naamini atasoma hadi mwisho, na huenda akalifikiria tena jambo langu la shule.

Nyanya anakusalimu na anaapa kwamba alilisema neno lile lile nililosoma. Mama naye anakusalimu, na ameweka uzi mweusi ndani ya bahasha hii. Kushona koti au kutolishona ni juu yako. Barua ya Baba tu usiiache.

Mungu akufunike kwenye baridi hiyo, na akuoneshe kilichoko mbele.

Ni mimi dada yako akupendaye na anayengoja,
Bonareri