Bao la Babu Nasor

Mjukuu wangu Zuwena,

Assalaam alaykum kutoka Ghubra. Bibi yako hajambo, na chumvi bado ananinyima. Mimi kifua kimechoka, lakini kalamu inashikika.

Umeniuliza, wewe refa wa hoki ya barafuni, utajuaje kama kipa kasukumwa kweli au kajitupa? Nnajua, kwa sababu niliwahi kujitupa.

Ujanani nilikuwa kipa wa mtaa, tukicheza mpira wa miguu mchangani. Nasor, kaka wa bibi yako, alinigusa bega kama watu wanavyopishana sokoni Matrah, akafunga. Nikaanguka nikipiga kelele. Refa akalikataa bao, tukashinda. Tangu siku ile, kila tukinywa kahawa, Nasor husema, "Huyu alijitupa!" Nami huapa, "Wallahi ulinisukuma!"

Jana alikuja kunitazama. Sikutaka kufa na kiapo kile. Nikamwambia, "Nasor, nilijitupa."

Akacheka hata kofia ikamwanguka. "Mzee muongo we! Nishakusamehe. Lakini bao langu nnalitaka."

Basi mtazame kipa mikono. Aliyesukumwa kweli, mikono yake bado hutaka kudaka. Yangu ilishika mbavu kabla sijafika chini, na niliguswa bega!

Na kwa kuwa refa wa ukoo ni wewe peke yako, piga simu Ijumaa, Nasor atakuwapo. Puliza filimbi, umpe bao lake. Safari hii sitabisha.

Babu yako,
aliyekuwa kipa