Ndugu Mbunge Kwenye Mkokoteni

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Babu yako naye ameitikia shikamoo yako, ila anasema ingekuja na tumbaku. Huku Kemambo mahindi yamesimama vizuri, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike.

Unasema unakwenda Dodoma kuwaomba wabunge waruhusu helikopta za wagonjwa zishuke vijijini, na unaogopa watasinzia. Watasinzia. Hata wetu alisinzia.

Enzi za ujamaa tuliomba ndege ndogo ya madaktari iruhusiwe kushuka malishoni kwetu. Nikachaguliwa kusoma risala, na Ndugu Mbunge akalala kabla sijafika katikati. Alipotaka kuondoka, gari lake likakwama matopeni. Mama mkwe wangu, mkunga wa kijiji, akamletea mkokoteni wa ng'ombe.

"Lala hapo, Ndugu Mbunge. Ndivyo wanavyolala wajawazito tukiwapeleka hospitali."

Njia ilikuwa mawe matupu. Akapiga kelele, "Simamisha, mama!"

"Nikisimama, mjamzito anazalia njiani," akajibu, akaswaga ng'ombe.

Tulipofika barabara kuu alishuka ameshika kiuno, akanigeukia. "Dada, ile risala iko wapi? Nisomee tena."

Nikamsomea palepale, na safari hii hakupepesa macho.

Mama yako alipokaribia kuzaliwa, ndege ilishuka malishoni ikanichukua. Uchungu ulikuwepo, mjukuu wangu, lakini mawe hayakuwepo. Nilicheka kule juu hadi nesi akanishangaa.

Basi wakisinzia, usipaze sauti. Dodoma nako mikokoteni haikosi.

Bibi yako