Nilimnunulia mama mkwe sigara ya umeme, sasa anasema namuua

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijahama nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe, maana hapa nilipofika hata chai naipata kwa kuomba.

Mimi ni fundi wa jenereta, nina mke na watoto, na tunaishi na mama mkwe tangu baba mkwe alipofariki, marehemu alipasuliwa tumbo akatolewa chumba cha upasuaji hajitambui na hakujitambua tena mpaka Mungu akamchukua, basi mke wangu akasema mama hawezi kubaki peke yake, nami nikasema sawa, aje, na kusema ukweli sijajuta, kwa sababu mama yangu mzazi nilimzika nikiwa bado najifunza ufundi na huyu ndiye aliyenilea ukubwani, shati langu likifumuka bega yeye ndiye wa kwanza kuliona, anamtuma mjukuu, "Kamwambie baba yako alilete nilishone." Kasoro yake ni moja tu, sigara. Anavuta tangu usichana wake. Mimi sijawahi kumwona akivuta, mkwe havuti mbele ya mkwe, nikitokea tu anaizima na mimi najifanya sijasikia harufu, tumeishi hivyo vizuri kabisa.

Sasa nyonga yake imeharibika, haendi chooni bila kushika ukuta, na daktari wa mifupa amesema atamwekea nyonga ya bandia lakini hashiki kisu mpaka mama aache sigara, kwa sababu kidonda cha mvutaji kinasumbua kupona. Tarehe ya kwanza alifika pale ananuka moshi, daktari akafunga faili akamwambia, "Mama, nenda nyumbani." Tarehe ya pili ni mwezi ujao, na tumeambiwa ikitupita hiyo anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe kwa kweli sijui kama atafika mbele yake akiwa bado anasimama. Cha kushangaza ni kwamba tangu tupewe tarehe hiyo ndiyo kwanza amezidisha kuvuta, anatoka nyuma ya bafu anarudi nyuma ya bafu.

Ndipo mteja wangu mmoja akanieleza kwamba yeye aliachana na sigara kwa kutumia sigara ya umeme, hizi wanazoziita vepu, ina betri na tangi dogo la maji yenye ladha, unavuta mvuke badala ya moshi. Nikasema haya, mambo ya betri si ndiyo kazi yangu? Nikaenda dukani. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, akaniuliza, "Ya nani?" Hebu na wewe mshauri jiweke mahali pangu, nimwambieje mwanamke nisiyemjua kwamba nimekuja kumnunulia mama mkwe sigara? Nikasema ni yangu. Akauliza, "Unavutaje, unaweka mdomoni kwanza au unashusha moja kwa moja kifuani?" Mimi maisha yangu yote sijavuta kitu, nikajikaza nikasema, "Moja kwa moja." Akavaa miwani yake, akanitazama juu mpaka chini. Akanitolea kidude chembamba kama kalamu, akasema wengi wanaotoka kwenye sigara huanza na hiki, roho yangu ikakataa palepale, nimpelekee mama mkwe kitu cha kupotea ndani ya mkoba, mashemeji waseme nini? Zawadi ya mkwe ionekane, bwana! Nikachagua kubwa kuliko zote kabatini, ya wati mia mbili, ina skrini, ina taa, tangi lake la kioo limetuna, ukiishika mkono unajua umeshika kitu. Maji nikachukua ya stroberi, kwa sababu nakumbuka anapenda peremende.

Siku ya kumkabidhi, mke wangu aliifunga kwa karatasi ya maua, na mama mdogo wake, yaani mdogo wake mama mkwe, naye alikuwepo, watoto tukawatoa nje, mimi nikasimama mlangoni nimewapa mgongo kwa heshima, nikawa naelekeza bila kutazama, bonyeza mara tano iwake, mama, sasa kishikilie hicho kitufe, sasa vuta. Akavuta. Niliposikia kikohozi niligeuka, mshauri, sikuliona kochi. Wingu limejaa sebule nzima, mke wangu anapiga kelele dirisha, fungueni dirisha, jirani anagonga geti anauliza aite zimamoto, na humo ndani ya wingu mama mdogo analia, "Jamani, anamuua dada yangu! Mkwe anamuua dada yangu!" Lilipopungua nikamwona mama mkwe ameshika kifua, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, kama umenichoka si ungesema tu?"

Lakini fundi hakati tamaa, nikadhani labda moto haumtoshi, nikapandisha wati, akaonja mara moja akatema, akasema inanuka waya ulioungua. Nikaona basi tatizo ni tangi, kwa sababu kulijaza mpaka ulifungue kwa chini na vidole vyake havina nguvu, nikanunua kubwa zaidi ili asijaze kila mara, likamvujia mkobani siku ya kliniki, kadi yake ikalowa na benchi zima likanuka stroberi. Sasa ile mashine anaizuilia mlango wa chumba chake usibamizwe na upepo. Sigara ziko palepale. Mama mdogo ameshapiga simu ukoo mzima kwamba namharakisha dada yake, na mke wangu ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, utadhani niko kizimbani.

Nimeona nyingine dukani ina betri mbili na tangi lenye koili tatu, zile nyaya za kuchemshia maji yake, naona hiyo haitaungua wala kuishiwa. Je, hiyo ndiyo itamfaa? Nitajie mashine na tangi, mshauri, tarehe inakuja na nimebaki mimi na lawama zangu.

Ni mimi, Fundi Niliyekwama

*

JIBU

Fundi, betri mbili! Za nini, mnataka kuwasha taa za mtaa? Rudisha hela mfukoni, kaa chini, unisikilize, kwa sababu barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka na mara ya pili nikataka kukupigia kelele.

Niambie kitu kimoja. Mteja akija karakana kwako anataka umeme wa taa mbili na redio, unamuuzia jenereta ya kiwanda? Humuuzii. Unamuuliza kwanza, "Una nini cha kuwasha?" Sasa kwa mama mkwe wako akili hiyo uliiacha wapi? Yule muuzaji alikuuliza maswali ya maana kabisa, ya nani, anavutaje, nawe ukamjibu uongo mtupu kwa aibu zako. Hata hivyo akakutolea kidude cha wanaotoka kwenye sigara, wewe ukachagua mashine ya yule mtu uliyemweleza. Mtu huyo hayupo nyumbani kwako.

Nimewauliza wanaozijua mashine hizi, nami nakueleza ili siku nyingine usidanganyike na skrini. Mtu aliyezoea sigara huvuta kidogo mdomoni kwanza, akatulia nayo, kisha ndiyo inashuka. Huyo hahitaji wati mia mbili. Anahitaji kifaa kidogo cha moto mdogo, na tangi lenye njia nyembamba ya hewa, linalombana kidogo anapovuta kama sigara inavyobana. Hilo tangi lako lililotuna ni la watu wanaopenda kutoa mawingu, linapitisha hewa tele na mvuke moto tele, kwa hiyo uliposema "vuta, mama" ulimjaza kifua mvuke wa watu wanne kwa mkupuo. Angeachaje kukohoa? Na zile wati ulizopandisha, ewe fundi wa umeme, ndizo zilizochoma koili. Kila koili imeandikwa ubavuni inataka moto kiasi gani. Hukusoma! Jenereta ya mteja ungesoma.

Halafu mtu mwenye vidole visivyo na nguvu unampa tangi la kufungulia chini? Yapo yanayojazwa kwa juu, yapo na ya kuchomeka tu na kuchomoa, na vipo vifaa visivyo na kitufe, ukivuta kinawaka, ukiacha kinazima. Kile kidude kama kalamu ulichokionea haya ndicho kilichokuwa karibu na shida yake. Wewe ulikuwa unawanunulia mashemeji kitu cha kutazama. Na hiyo stroberi, ndugu yangu! Mwanamke amezoea ladha ya tumbaku tangu usichana, wewe unampa ya watoto wa shule.

Sasa, kabla hujakimbilia tena dukani, maana nakuona umeshasimama, simama hapohapo. Daktari alisema nini? Alisema mama aache sigara. Je, mlimuuliza kama vepu inaruhusiwa kabla ya upasuaji? Hamkuuliza, nyote watatu. Maji yale mara nyingi yana nikotini, na daktari wa upasuaji anaweza kuikataa hiyo nikotini hata ikija bila moshi. Huenda akasema vepu itumike kwa muda, huenda akasema hapana kabisa, akampa njia nyingine ya kumpunguzia hamu. Hilo si la kuamuliwa na mimi, wala na mteja wako, wala na kabati la duka. Kesho asubuhi mke wako ampeleke kliniki wakaulize waziwazi, na wamwambie daktari ukweli kwamba bado anavuta. Aibu ya kliniki inapita. Akiruhusu, mama aende mwenyewe dukani na binti yake, akae na yule mwanamke mwenye miwani, aulizwe yeye, ajibu yeye, ajaribu kushika na kufungua kwa vidole vyake mwenyewe. Wewe baki nje ya duka. Na ile mashine iliyo mlangoni ing'oe leo hii, watoto wako wataichezea, na maji yake ni sumu kwa mtoto. Wewe usiyevuta usijifunze uzeeni.

Nimemaliza habari za mashine. Sasa nina hasira nyingine na wewe.

Umeandika kwa mkono wako kwamba tangu mama apewe tarehe amezidisha kuvuta, ukasema ni cha kushangaza. Kinachokushangaza ni nini? Mumewe aliingia chumba cha upasuaji akatoka hajitambui. Hilo nalo umeliandika mwenyewe, mstari mmoja, ukapita mbio kwenda kwenye wati. Huyo mama hana ubishi wala hakudharau zawadi yako. Anaogopa kufa, Fundi! Anaogopa peke yake, nyuma ya bafu, na sigara ndiyo inayokaa naye, kwa sababu ninyi wengine wote mko sebuleni mnagombana kuhusu tangi. Ndiyo maana ulipomtia kikohozi alikuuliza kama umemchoka. Lile lilikuwa swali. Umemjibu? Kwenye barua nzima sijaona mahali ulipomjibu. Ulikwenda kununua tangi kubwa zaidi.

Najua utaniambia mkwe ni mkwe, kuna heshima zake. Zipo, na nazitambua, sikuambii ukakae naye kochi moja mkapiga soga za tumbaku. Lakini mwanamke anayekuita baba na kukushonea mashati hakuogopi kiasi hicho, wewe ndiye unayejificha nyuma ya heshima kwa sababu hujui kusema jambo lisilo na skrubu. Mama mdogo mwache apige simu zake, vocha itaisha. Mke wako naye atazungumza siku atakayoona umezungumza.

Basi fanya hivi. Leo ukitoka kazini nawa mikono, usibebe kitu chochote, zunguka nyuma ya bafu. Kohoa kwa mbali ili asishtuke. Ataizima sigara, atajifunga kanga vizuri, atakuuliza, "Vipi baba, kuna nini?" Usianze habari za betri. Chuchumaa hapo, tazama chini kama adabu inavyotaka, umwambie siku ya upasuaji hutafungua karakana, utakuwa mlangoni pale akiingia na utakuwa mlangoni pale akitoka. Akikuuliza yote hayo ya nini, mwambie ukweli wako: "Mama, mama mwingine sina. Na mimi naogopa."