Manjano ya Chumba cha Mama

Caraquet, 9 Machi 1993

Mdogo wangu mpenzi Mariette,

Salamu nyingi zikufikie huko Montreal, wewe na shemeji Gérard. Natumaini kikohozi chake kimemwachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, ni magoti tu yanayomsumbua, na theluji bado imeziba nusu ya dirisha la jikoni. Binamu Anselme hupita kutusafishia njia, kisha huketi kula supu ya kuku mpaka sufuria ikwanguliwe.

Barua yako ya mwezi jana niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Umeandika kwamba umemwomba tajiri wako akutoe kwenye meza ya mapazia akuweke kufunga vifurushi, kwa sababu huliamini tena jicho lako. Miaka ishirini na sita wateja wamekuja na vipande vya vitambaa wakikuuliza wewe rangi ipi itafaa, na leo unamwuliza msichana aliyeanza kazi juzi kama hiki ni cheupe au ni kijivu. Ukasema yote yalianzia chumbani kwa Mama. Basi nami acha nianzie hapo.

Mama alipohamia chumba cha chini mwezi Oktoba, kile cha kaskazini, alitaka jambo moja: kuta za manjano, kwa kuwa jua halifiki humo. Kazi hiyo alinipa mimi. Nilifurahi, Mariette, kuliko nilivyoonyesha. Nilileta kadi kumi na nne za mifano ya rangi kutoka dukani kwa Normand, muuza rangi, nikazibandika ukutani, nikawa naziangalia asubuhi na mchana kama mtu anayelea vifaranga. Nikachagua manjano ya kiini cha yai, nikapaka ukuta mmoja. Mama aliketi kitandani akautazama, akaniuliza, "Odette, ndiyo nikalale ndani ya chupa ya haradali?" Nikacheka naye. Nikajaribu nyingine, laini kidogo, nayo ikamwumiza macho. Hapo akasema tuache kuhangaika. "Tumngoje Mariette. Yule ana jicho."

Sentensi hiyo naijua tangu nikiwa na miaka minane. Vitambaa vya Pasaka ulichagua wewe, mimi nikashona, na watu wakasifu rangi. Mimi ndiye ninayemwogesha Mama, ninayemkata kucha, ninayejua kidonge kipi ni cha asubuhi. Wewe unakuja mara mbili kwa mwaka, na akisikia tu gari lako anaomba kitana.

Ulifika na koti lako hujalivua, ukazichukua kadi zangu, ukazishika mle pembeni nyuma ya mlango badala ya kuzielekeza dirishani. Ukatueleza kwamba manjano ikiwa kwenye kuta nne hutazamana yenyewe kwa yenyewe na kuchocheana, kwa hiyo mtu achague ile inayoonekana kusinzia. Ukaiokota moja niliyokwisha kuitupa, iliyopauka kama bahasha ya zamani. Ukaniambia, "Usiogope, Dada, ikifika ukutani itaamka." Mama aliiamini hata kabla ya kopo kununuliwa. Ukabaki ukimsuka nywele, nami nikatumwa dukani.

Mengine unayakumbuka. Tulipaka mchana kutwa, na kulipokucha chumba kilikuwa cha kijani, kijani cha mgonjwa. Mama akasema kuta zina ugonjwa wa ini. Ulijaribu kusema labda ni mwanga wa theluji. Akakujibu, "Labda na wewe umri umekufikia, mwanangu." Ulicheka, lakini ulikwenda kuosha brashi ukakaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yako na kitambaa mkononi. Nitaandika ukweli: nilisikia utamu.

Jicho lako halikukosea, Mariette. Normand alichanganya rangi sawasawa na kadi yako, akadondosha tone juu ya kifuniko, akalikausha, na nikaliona. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mimi niliyeangalia kadi kumi na nne kwa wiki tatu nilijua palepale kwamba ndiyo. Nikamwambia kwamba mwenye chumba anataka kijani kidogo ndani yake. Akaniuliza, "Una hakika, dada? Hii itageuka." Nikamwambia aongeze. Akaongeza. Nikamwambia aongeze tena. Nyumbani ulipouliza mbona kwenye kopo iko hivi, ni mimi niliyekujibu kwamba rangi mbichi hudanganya.

Nilidhani nimekunyang'anya sifa ya siku moja. Sikujua nimekunyang'anya mkate wako na raha ya macho yako.

Kadi yako sikuitupa. Barua yako ilipofika nilirudi dukani, nikapaka chumba upya peke yangu, Mama akalala sebuleni siku mbili. Nilipomwingiza alisimama ameshika mlango, akazungusha macho kuta zote nne. Kisha akanigusa shavu akasema, "Sasa umeona rangi, Odette. Wewe mwenyewe." Sentensi hiyo nimeingoja miaka hamsini na minne, na niliipokea. Nilikaa nayo siku tatu. Haikushuka, kama chakula cha kuiba.

Leo asubuhi nimemsomea barua hii mpaka hapo. Aliniomba nirudie pale pa Normand, nikarudia. Kisha akaniambia nitoke, mlango niuache wazi. Supu yake imepoa. Ameitaka simu, nikamsihi barua ikutangulie, akasema barua ni siku nne na atazihesabu.

Mwonyeshe tajiri wako karatasi hii ukihitaji, urudi kwenye meza yako. Sikuombi unisamehe haraka. Wala sitakuambia wivu umeniisha, maana nitakuwa nimeongeza uongo. Asubuhi hii mwanga ulipoingia, kuta ziliamka kama ulivyosema, na nikakuonea wivu tena, nikiwa na kikombe cha Mama mkononi. Tofauti ni kwamba safari hii nimekuandikia.

Msalimie sana shemeji. Anselme anawasalimu wote. Simu ikilia kabla hujamaliza kusoma, basi ni Mama. Mpokee yeye kwanza.

Ni mimi dada yako,
Odette