Vifaru Vitatu vya Kaloleni

Malindi, Jumanne, 16 Novemba 1982

Gundi ilikuwa bado mbichi. Barua ya shemeji Kalume kutoka Kaloleni ilifunguliwa, ikagandishwa tena.

"Imetufikia ikiwa wazi, mwalimu," karani wa posta akaniambia. Kila nikienda huniuliza habari za watoto. Leo hakuniuliza.

Tunayoandikiana ni mchezo wa ubao tu. Mgeni mmoja aliusahau hotelini Bofa, Kalume alipokuwa akifanya kazi huko, nasi tukaupenda. Vita vimekwisha, kila mchezaji ana kiwanda cha silaha, nchi za nje zinaagiza, na anayewahi kutimiza oda ndiye mshindi. Kwa kuwa tunakaa mbalimbali, tunacheza kwa barua. Viwanda tukavipa majina ya kwetu: changu Malindi, chake Kaloleni. Upumbavu gani huu.

Kalume ameandika: "Vifaru vitatu viko tayari Kaloleni. Wewe umefika wapi?"

Na yangu ya Ijumaa iko njiani. Humo nimeandika kuwa bunduki mia nne zinatoka Malindi, meli imeshapatikana. Nimetia sahihi, jina langu kamili. Tangu yale mapinduzi yaliyoshindwa mwezi wa nane, watu wanachukuliwa kwa maneno madogo kuliko haya.

Mke wangu anasema nimwandikie kaka yake tuache. Nimeandika: "Kalume, usitaje tena silaha. Barua zetu zinasomwa. Zichome zote."

Nimeirudia kuisoma. Katika barua zote tulizoandikiana, hii ndiyo ya kwanza inayofanana na ya mtu mwenye hatia.